Fainali ya Kitanda cha Sita

Kila asubuhi, saa mbili kasorobo, nilifuta macho kumi na moja ya Kuba, mtambo wa picha ulioinama juu ya kitanda, kwa pamba na spiriti, na Subilaga, akiwa amelala chali chini yake, aliyataja majina. Yeye ndiye aliyeyabatiza. Jicho lililokaa juu ya mto lilikuwa Tupokigwe, golikipa. Yaliyofuata yalikuwa mabeki, kisha viungo, hadi la tisa lililotazama magoti yake, ambalo lilikuwa Bupe, mshambuliaji. Mimi wachezaji hao sikuwajua. Nilikuwa nimetoka Lindi miezi miwili tu iliyopita, mpira siufuatilii, na mtu akinisimulia habari za Nyuki wa Itende niliitikia kwa adabu. Lakini majina nilishayakariri, maana ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu.

"Atuganile," alisema. Nikafuta. "Lugano." Nikafuta.

Nilipofika kwa Bupe alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vya moto.

"Dada Somoe, Mama Anyosisye amenipa hongera."

"Ni vizuri," nikasema.

"Si vizuri. Mama Anyosisye ni Chui."

Nikabaki na pamba mkononi. Jana yake, saa kumi jioni, Kuba lilikuwa limemshushia nusu fainali ya Kombe la Nyanda za Juu: Nyuki mbili, Chui moja. Godoro lilimtetemesha kwa miguu ya mashabiki, matundu ya pembeni yakamletea harufu ya nyasi mbichi na mahindi ya kuchoma, na Bupe alipofunga la pili Subilaga alipiga kelele hadi muuguzi akaja mbio. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha fundi, nikitazama kipimo cha ari kikipanda. Sabini na nne. Niliandika namba, nikafurahi.

"Tangu nalazwa hapa mara ya kwanza nina miaka kumi na miwili, yule mama ananitania," akaendelea. "Nyuki wakifungwa anakuja na dekio lake, analiegemea hapo mlangoni, ananiuliza kama nimekula au asali imenitosha. Miaka minne, Dada! Miaka minne nimekaa na jibu langu tumboni. Leo alfajiri ameingia kudeki, nikamwambia, 'Mama, pole na msiba, mazishi saa ngapi?' Unajua amefanya nini?"

"Amekupa hongera."

"'Hongera, mwanangu.' Hivyo hivyo. Na macho yamemjaa maji. Ameinama akadeki mpaka chini ya kabati, mahali ambapo hajawahi kudeki tangu aajiriwe." Akaniachia mkono. "Chui hawezi kumpa Nyuki hongera. Angenitukana kidogo, ningelala vizuri. Sasa niambie. Ama nakufa wiki hii na ninyi nyote mnajua, ama jana Nyuki hawakushinda. Ni lipi?"

Alikuwa na miaka kumi na sita na kichwa kisicho na unywele hata mmoja, na alinitazama kama mtu anayehesabu chenji dukani. Nami, ninapokosa la kusema, nina sentensi moja.

"Mtambo uko sawa," nikasema.

"Sikuuliza mtambo," akasema Subilaga, akageukia ukutani. Jicho la kumi na la kumi na moja niliyafuta bila majina.

*

Pale wadini hatukuruhusiwa simu wala redio. Katika damu ya Subilaga zilipita chembe za tiba, ndogo kuliko vumbi, zikiongozwa kwa mawimbi dhaifu kutoka kwenye fremu ya kitanda. Simu moja ikiita karibu ingeweza kuzipotezea njia. Kwa hiyo kila aliyeingia aliacha vyake kwenye kisanduku mlangoni, na yaliyotokea nje yalimfikia mgonjwa kwa vinywa vya watu au kupitia Kuba.

Chembe hizo zilikuwa na tabia moja ambayo waliozitengeneza hawakuitarajia. Mgonjwa akifurahi kwelikweli, mwili wake ulimwaga kitu kwenye damu, na chembe zikakamata ugonjwa kwa nguvu zaidi. Akikata tamaa, zilielea tu na kutoka na mkojo. Ndiyo maana Kuba likaletwa mwezi wa nne, nami nikaletwa nalo. Kazi yangu ilikuwa usafi wa macho, joto la godoro na harufu. Picha zenyewe zilitoka kwenye sehemu iliyofungwa, iliyoitwa Mshonaji. Kwenye mafunzo walituambia Mshonaji huunganisha kamera za uwanjani ili mgonjwa ajione yuko jukwaani. Sikuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Mimi ni mtu wa kutouliza.

Siku hiyo niliuliza. Nilimkuta Mama Anyosisye nyuma ya chumba cha kufulia, akikamua dekio. Ni mwanamke mnene, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mtu wa Lindi. Baridi ya Mbeya haijakumaliza tu? Vaa soksi mbili, nimekwambia."

"Nimevaa tatu." Nikasimama pale nikitafuta mlango wa maneno. "Mama, jana Nyuki walishinda?"

Aliangua kicheko, akaegemea ukuta ili asianguke. Kisha kicheko kikakatika katikati, akatazama huku na huku.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nataka kujua tu."

"Jana Nyuki hawakucheza na mtu," akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo, ndogo kabisa. "Uwanja ulikuwa na mkutano wa Injili. Kombe walitolewa raundi ya kwanza. Na ligi wameshuka daraja mwezi uliopita. Mimi nilinunua soda kreti nzima, nikagawa mtaa mzima, na mtu niliyetaka kumwambia yuko kitanda cha sita, nami nimefungwa mdomo."

"Nani amekufunga?"

"Karatasi. Sote wa wadini tulisaini, wewe ulikuwa hujafika. Mpira usizungumzwe kwenye kitanda cha sita, mgonjwa asitaniwe. Mgonjwa asitaniwe!" Alipiga dekio kwenye ndoo. "Kwetu hata kwenye msiba mtani anakuja, anamkalia marehemu kwenye jeneza, anadai deni lake la ugoro. Watu wanalia huku wanacheka. Hawa wanasema nikimtania mtoto nitamuua. Asubuhi ananiuliza mazishi saa ngapi, nami sina hata neno moja la kumrudishia. Nimempa hongera. Nimejisikia kama mchawi."

Nilimwambia kwamba labda karatasi hiyo ilikuwa kwa ajili ya sharti la Subilaga. Lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa faili, hata mimi nilikuwa nimelisoma: *Mgonjwa amekubali raundi ya tatu ya tiba kwa sharti moja, Nyuki wakifika fainali.*

Mama Anyosisye akaacha kukamua.

"Amesema hivyo? Yeye mwenyewe?"

"Mwezi wa nne. Daktari aliandika siku hiyohiyo."

"Wewe mtoto," akasema polepole. "Mume wangu wa kwanza alipokuja kuniomba nimrudie, amevaa koti la kuazima, nilimwambia: sawa, Nyuki wakifika fainali. Akachukua kofia yake akaondoka. Hajarudi kuuliza tena." Alinitazama kama anasubiri nicheke, na alipoona sicheki, uso wake nao ukabadilika. "Mjini hapa hakuna asiyejua maana yake. Watoto wanaambiana hivyo wakiombana pipi."

Kile chumba cha kufulia kilikuwa na mvuke, lakini mimi nilihisi baridi kupita hata soksi tatu.

*

Ufunguo wa Mshonaji ulikuwa umebandikwa kwa plasta ndani ya mlango wa kabati la umeme. Hivyo ndivyo wanavyoficha vitu watu wanaofikiri hakuna atakayetafuta. Alhamisi asubuhi, Subilaga alipopelekwa kupimwa damu, nilifungua orodha ya mechi. Tangu mwezi wa nne zilikuwa tisa. Kwenye safu ya matokeo: ushindi, ushindi, sare, ushindi. Kwenye safu ya chanzo, kila mstari ulikuwa na neno moja: *hakuna*. Mshonaji hakuwa ameunganisha kamera yoyote. Alichukua sura za wachezaji kutoka mechi za zamani, akazishona upya, na bao aliliingiza pale kipimo cha ari kilipoanza kushuka. Bupe hakuwa amefunga kwa sababu beki aliteleza. Alifunga kwa sababu dakika ya sabini na nane Subilaga alikuwa amechoka.

Nilichapa orodha ile nikaenda nayo kwa Daktari Kihwelo. Alikuwa akila chapati juu ya mafaili. Ni mtu wa Iringa aliyesoma nje miaka mingi, mpole, na wagonjwa wake huwaita kwa majina yao kamili. Hilo ndilo lililonifanya nishindwe kumchukia.

Aliitazama karatasi, akafuta vidole.

"Kaa, Somoe."

Sikukaa.

"Kabla ya Kuba uliwahi kumwona akila?" akauliza. "Hujawahi, hukuwepo. Alikuwa analamba uji kama paka. Raundi ya kwanza chembe zilikamata asilimia thelathini na nane. Ya pili, na mechi hizi, sabini na moja. Huo si uongo. Damu haiwezi kushonwa."

"Yeye anadhani ni kweli."

"Furaha yake ni ya kweli."

"Lakini lile sharti, Daktari... Lile halikuwa sharti. Watu wa hapa wanasema hivyo wakiwa wanakataa."

Niliona kwamba jambo hilo lilikuwa jipya kwake, na niliona pia akiliweka pembeni, kama mtu anayesogeza kikombe ili aandike.

"Mama yake alikuwepo siku ile. Ni mzaliwa wa hapahapa. Nilimuuliza, Subilaga amekubali? Akasema, umemsikia mwenyewe. Akasaini ruhusa ya Mshonaji." Akaisukuma karatasi kwangu. "Kwa raundi ya tatu sheria inataka kidole cha mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa ameshapita miaka kumi na mitano. Kesho saa nne atabonyeza, Jumamosi tunaanza. Wiki sita kwenye chumba kilichofungwa, hakuna mkono wa mtu kumgusa, na maumivu, sikufichi. Lakini watatu kati ya kumi wanatoka wazima. Bila hiyo ana miezi. Ukienda leo ukamwambia mechi zilikuwa za kushona, ari ikaanguka, ukamnyima nafasi ya kuwa kati ya hao watatu, utalibeba wewe. Unaweza?"

Nilitaka kumuuliza nani atalibeba la wiki sita kama hakuzitaka.

"Sawa, Daktari," nikasema, nikatoka.

Jioni ile nilikaa kwenye bweni la wafanyakazi nikijaribu kuamua, na kila nilipoamua nilijishuku. Huenda aliyesema hapana mwezi wa nne alikuwa ameshabadilika. Huenda ushindi wa uongo ulikuwa umempa hamu ya kweli ya kuishi, na mimi nilikuwa nakwenda kuing'oa kwa kupenda usafi wa moyo wangu. Nilishuku hata upole wangu. Ni rahisi kuita huruma kile ambacho ni woga tu. Mwishowe kitu kimoja tu kilibaki wima: aliniuliza swali, nami nikamjibu habari za mtambo.

Sikuwa na ujasiri wa kusema. Lakini nilijua mlango wa nani wa kugonga.

*

Ijumaa, saa nne kasoro robo, nilikuwa bado nafuta macho. Nilikuwa nimechelewa kwa makusudi. Mama yake Subilaga alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani, akiukunja na kuukunjua mkanda wake. Ni mwanamke mwembamba ambaye kila mara alinisalimia kwa kuniuliza hali ya mama yangu Lindi. Siku hiyo hakuniuliza. Daktari Kihwelo aliingia na kibao cha kubonyezea kidole, akakiweka juu ya meza ya chakula.

"Subilaga Mwakasege. Nyuki wako wamefika fainali," akasema kwa furaha.

"Nimeona," Subilaga akajibu. Hakuwa anamtazama. Alikuwa ananitazama mimi, pamba yangu ikiwa kwa Bupe. "Dada Somoe. Mtambo uko sawa?"

Niliweza kusikia fremu ya kitanda ikivuma.

"Hapana," nikasema. Nikabonyeza swichi, na Kuba likazima, macho yote kumi na moja. Kilichobaki hai ni kipimo cha ari kwenye ukuta, ambacho kina umeme wake. Arobaini na mbili.

"Somoe!" akasema Daktari.

Mlango ukafunguliwa kwa ndoo. Mama Anyosisye aliingia akiwa amejifunga aproni yake ya kazi, na shingoni, kinyume cha kila kanuni ya wadi ile, skafu ya madoadoa ya Chui. Aliegemea dekio mlangoni, mguu mmoja mbele ya mwingine.

"Hodi humu. Nasikia kuna fainali. Nani anacheza na nani, mito na mashuka?"

Subilaga alijiinua kwa viwiko. "Mama?"

"Usiniite mama, sizai Nyuki. Mmetolewa raundi ya kwanza, mwanangu, dakika ya nne. Ya nne! Watu walikuwa bado wanatafuta viti. Ligi mmeshuka daraja, msimu ujao mnacheza na shule za msingi, na huko nako nasikia darasa la saba wamegoma, wanasema wanataka timu ngumu."

"Mama Anyosisye, toka nje," akasema Daktari Kihwelo.

"Golikipa wenu je?"

"Tupokigwe amefanya nini?" Subilaga akauliza haraka.

"Amedaka mpira mmoja mwaka huu, tena wa kurusha. Alifurahi akaubusu, akausahau ndani ya goli."

Kwanza niliona mabega. Nikadhani analia, nikajiambia nimeua. Kisha sauti ikatoka. Alikuwa anacheka. Alicheka akakohoa, akanyoosha mkono asiguswe, akacheka tena, machozi yakimtiririka hadi masikioni. "Akausahau," alirudia. "Ndiye huyo. Huyo ndiye Tupokigwe!" Kwenye ukuta namba zilikuwa zinakimbia. Sitini. Themanini. Themanini na tisa. Daktari alizitazama mdomo wazi, na sikuandika chochote. Halafu kicheko kikamwishia na namba zikaanza kurudi, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi akiwa na mzigo.

"Asante, Mama," Subilaga akasema. "Asali imenitosha."

Mama Anyosisye akajibanza mlangoni, akaivua skafu na kuifinyanga mikononi.

Subilaga akamgeukia mama yake.

"Mama. Mwezi wa nne, Daktari aliponiuliza, wewe ulielewa nilichosema."

Mkanda wa mkoba ukaacha kukunjwa.

"Nilielewa," mama yake akasema.

"Yeye ni mgeni, Dada Somoe ni mgeni, mtambo ni mgeni. Wewe ulielewa."

"Hukusema hapana, Subi. Ulisema Nyuki." Alizungumza akiutazama mkoba. "Nikajiambia, hajatamka. Kama hajatamka basi bado. Kila mechi nilikuwa najiambia hivyo, bado, bado. Ungetamka ningefanya nini mimi? Ningekuwa nimekusikia."

"Ndiyo maana sikutamka." Subilaga akajifuta uso kwa shuka. "Sikutaka uwe umenisikia. Halafu wakaanza kushinda. Nikadhani Mungu amenikamata kwa maneno yangu, ananilazimisha. Kila bao nilipiga kelele, na nilifurahi, Daktari, sikudanganyi, nilifurahi. Halafu Kuba likizimwa naanza kuhesabu: zimebaki mechi tatu nifungiwe. Zimebaki mbili."

Daktari Kihwelo alikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Kibao kilikuwa bado mezani, kikiwaka, kikisubiri.

"Subilaga," akasema, na sauti yake haikuwa ya furaha tena, wala ya kushawishi. "Nilipaswa kukuuliza kwa namna nyingine. Nakuuliza sasa. Unajua maana ya kukataa?"

"Najua."

"Basi sema wewe. Mimi naandika utakachosema, hivyohivyo."

Mama yake akanyanyuka kutoka kwenye kiti, akaja akasimama upande wa kichwa chake, chini ya jicho la golikipa lililozimika, akamwekea kiganja juu ya kile kichwa kitupu.

"Sema, mwanangu," akamwambia. "Nakusikia."

"Sitaki raundi ya tatu," akasema Subilaga. "Nilimaanisha hapana tangu siku ile. Nataka kwenda nyumbani, unikalishe jikoni karibu na moto, ufungue redio, nisikilize Nyuki wakifungwa."